Galari za Nairobi, nyinyi maduka ya sanaa, kwani sisi mafundi ndio benki yenu? Mali imeuzwa, pesa iko wapi?

Wadau leo sina salamu ndefu. Saa hii nimetoka Lavington, niko kwa matatu kiti cha nyuma, kwa mapaja nina bahasha ya kaki na ndani kuna hereni kumi na tatu. Sijasema pea kumi na tatu, nimesema hereni kumi na tatu. We hesabu hio nambari tena kama unavaa hereni kwa masikio mawili.

Kwa wale hawanijui, mimi natengeneza mapambo ya brasi, pembe na mfupa, karakana iko Kibera upande wa Makina. Brasi yetu ni ya skrapu, mabomba ya zamani, koki za maji, makufuli, inayeyushwa kwa makaa na feni, inamwagwa kwa moldi ya mchanga. Hio kazi ya moto anafanya mzee mmoja mimi namwita Guka, yaani babu, ingawa si guka yangu, halafu mimi ndio nakata, napiga nyundo, nalehemu, napiga msasa mpaka vidole vinakuwa nyeusi hata Jumapili kanisani vinaonekana. Pea moja ya zile hereni zangu za majani inanikula karibu nusu siku. Guka analipwa kila Jumamosi. Hangoji mteja wa Lavington. Landilodi pia hangoji.

Sasa mwezi wa pili nikaletewa stori tamu. Madam wa galari moja ndogo, sitaitaja, akaona kazi yangu kwa Instagram akaniandikia ati anapenda "sauti" ya vitu vyangu, nilete tu, tutafanya mali kauli, yaani naacha vitu kwake analipa vikiuzwa, yeye asilimia 40 mimi 60, malipo kila mwisho wa mwezi. Mimi sina shida na 40. Narudia ndio mtu asinijie na hio hoja hapa chini: SINA SHIDA NA 40. Ana kodi, ana stima, ana msichana wa kusimama dukani, na kuna mzungu hawezi kuja Makina kunitafuta. Nikapeleka vitu 31. Pea 16 za hereni za 2,800, bangili 9 za pembe na brasi za 4,500, mikufu 6 ya 6,500. Akaandika kwa karatasi ya kuchana kwa daftari, nikapiga picha, tukasaini, akanipa chai ya tangawizi. Hio chai ndio kitu ya maana nimewahi kupata pale bila kufuatilia.

Machi kimya. Nikapiga, "aki mpenzi biashara imekuwa slo". Aprili akatuma elfu kumi bila maelezo, imeuzwa nini, ngapi, hakuna. Mei "mhasibu amesafiri". Juni "nipigie Jumatatu", Jumatatu ikifika mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Julai akaniambia, na hii nimeihifadhi, "dia, sanaa haina haraka." Sanaa haina haraka! Mwambie Guka hivyo Jumamosi saa kumi jioni ukiwa mbele yake na nyundo iko karibu.

Na mimi fala nikaendelea kuvumilia juu nilidhani kweli hazijauzwa.

Mpaka wiki mbili zimepita, niko kwa foleni ya supamaketi Ngong Road, nashika unga na maziwa, mama aliye mbele yangu ananyoosha mkono aweke vitu kwa kaunta, naona bangili yangu. Sijasema inafanana. Mimi kila kitu nikimaliza nagonga nukta tatu kwa ndani kwa msumari, na hio bangili ilikuwa na mshono wa brasi nilirudia mara mbili juu mara ya kwanza ulipinda kidogo, ule mshono naujua kama kovu la goti langu. Nikamsalimia kwa adabu, "samahani madam, hio bangili ni nzuri, umeitoa wapi?" Akafurahi, akataja galari. Nikauliza bei. Elfu nane na mia tano. Amenunua mwezi wa tatu, birthdei ya dadake, akaamua kubaki nayo.

Wadau. Mwezi wa tatu. Elfu nane na mia tano.

Kwa karatasi yetu ni 4,500, mimi nikipata 2,700. Kwa hivyo yeye kwa hio bangili moja anabaki na 5,800, na hata hio 2,700 yangu hajaitoa kwa miezi sita. Hapo ndio niliona mchezo wote. Yule si wakala wangu, yule amechukua mkopo kwangu, hana riba, hana dhamana, hana tarehe ya kulipa, na pesa yangu ndio inalipa kodi ya pale na ile taa ya kuning'inia imetoka ng'ambo. Ukienda kwa benki unaombwa stetimenti za miezi sita. Kwa fundi unaombwa tu umpe chai.

So leo nikaenda bila kupiga simu. Madam hayuko, kuna kasichana kapole, sikukafokea, si makosa yake. Nikasema nataka vitu vyangu. Akapiga simu, akazungumza pembeni, akarudi na hii bahasha na kisanduku cha viatu. Nimehesabu hapo hapo kwa kaunta mbele ya wateja wawili. Hereni 13, yaani pea sita na yatima mmoja. Bangili tatu. Mikufu mitatu imefungamana kama nywele za mtoto ameamka. Brasi imekuwa kahawia yote, sawa, brasi hufanya hivyo ikikutana na hewa na jasho, lakini nilimwambia Februari apanguse na ndimu na kitambaa laini, dakika tano kwa wiki. Kuna vibandiko vya bei vimegandishwa moja kwa moja kwa mfupa, ukivitoa vinaacha gundi. Halafu bangili moja ya pembe imepinda. Pembe sisi huinyoosha kwa moto, joto ndio linaiamrisha, sasa mtu ameiweka miezi chini ya taa kali kwa dirisha la jua, ilikuwa mviringo saa hii ni kama yai limekaliwa. Hio siwezi kuuzia mtu.

Alafu ile kadi waliweka kando ya vitu vyangu, nilikuwa sijawahi kuiona. Imeandikwa kwa maandishi ya mapambo kwamba zimetengenezwa na kikundi cha akina mama wa Kimaasai. Mimi ni Mluhya wa Kakamega. Kikundi ni mimi na Guka. Na zile shanga kwa mikufu ni za Czech, kama zile wanatumia Wamaasai wenyewe, nilinunua mjini kwa duka la Mhindi. Sijui nicheke ama nilie.

Hesabu basi. Zimeenda pea 9, bangili 6, mikufu 3. Kwa bei ya karatasi ni 25,200 na 27,000 na 19,500, jumla 71,700. Asilimia 60 ni 43,020. Toa elfu kumi ya Aprili. Ananidai... ngoja, hasira, MIMI ndio namdai 33,020. Yatima sijamhesabu, bangili ya yai sijaihesabu, na ile tofauti ya bei waliyoongeza kisiri pia sijaigusa. Kasichana kakaniambia kwa simu madam anasema sistimu inaonyesha vimeuzwa vitano, vingine "huenda viliibiwa na wateja". Viliibiwa! Wezi wa Lavington hao wanapenda bangili kweli, wanaacha ile taa.

Na kabla mtu aniambie nitafute galari nyingine, nilikuwa na nyingine. Ngong Road. Juni nikaenda kuangalia hesabu nikapata mwenye jengo amefunga juu ya kodi, mikufu yangu minne naiona kwa kioo, mlangoni kuna kufuli kubwa la brasi. Nikasimama hapo nikawaza hili kufuli peke yake likiyeyushwa lingetoa pea nne. Mwenye duka alihama simu na kila kitu.

Kuniambia nirudi Maasai Market pia mniachie. Nimeuza huko miaka, Ijumaa Village Market, Jumamosi mjini, kunyeshewa, mabroka kuvuta mgeni mkono na kuweka bei yao juu ya yako, mtu anakuambia mia tatu na umelala saa nane ukisugua. Ile pesa angalau unaenda nayo nyumbani siku hio hio, hio nakubali. Na haki isemwe, kuna mama mmoja wa kaduka kadogo Westlands, kila tarehe tano ananipigia picha ukurasa wa daftari, kilichouzwa, bei, fungu langu, M-Pesa inaingia kabla nijibu. Hana taa ya ng'ambo. Kwa hivyo inawezekana.

Sasa msaada wenu. Nasikia ile Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani, ile ilianza 2021, inachukua kesi mpaka milioni moja, inafaa kuisha kwa siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili. Mimi nina picha ya ile karatasi, skrinshoti za WhatsApp, na yule mama wa supamaketi alinipa nambari, alikasirika kuliko mimi. Kuna mtu hapa ameenda na ushahidi wa aina hii? Ulitoboa? Ulianza na barua ya kudai ama ulienda tu? Na nani ako na mkataba wa mali kauli wa kueleweka, hata ukurasa mmoja, unaosema bei haipandishwi bila kuniambia na kikiibiwa ni nani analipa? Wanasheria wa humu mkuje na Kiswahili rahisi tafadhali.

Mafundi wengine, kama uliacha vitu pahali na unaambiwa havijauzwa, usipige simu. Enda uhesabu.

EDIT saa tatu usiku: ameona huu uzi ama ameambiwa. M-Pesa imeingia, elfu mbili. Meseji inasema "asante kwa subira yako mpenzi". Imebaki 31,020.