Naomba ushauri: sura ya nne imekwama, na mwanangu wa miaka mitano haishi maswali ya samaki

Mama wa Butimba

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa shikamooni.

Naandika tasnifu ya uzamivu kuhusu nyimbo za mashindano ya ngoma ya Wasukuma, yale ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji yanayoshindana. Rekodi za uwandani ninazo, za Kisesa na Magu, na nyingi bado sijazinakili. Sura tatu za mwanzo msimamizi amezipitisha. Ya nne, yenye uchambuzi wenyewe, haisogei. Mchana nafundisha sekondari, jioni ni nyumbani, na nyumbani kuna mtoto wa kiume ambaye kwa sasa dunia yake yote ni samaki.

Baba yake ni fundi wa injini za boti pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Jumamosi huondoka naye asubuhi, na mtoto hurudi na maswali yanayonishinda. Sangara anakula nini hadi anakuwa mkubwa kuliko mimi? Watoto wa furu wanalala wapi? Kamongo akitolewa majini mbona hafi upesi? Kisha anataka niyaandike yote, kwa sababu ameshaona mama ni mtu wa kuandika. Nikifungua kompyuta analeta kiti chake pembeni: "Mama, sasa andika gogogo."

Nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza nikimwona anavyochangamka, na sitaki kumzima. Lakini wazo la sura likikatika, kulirudisha kunanila saa nzima, na saa hiyo sina.

Mama mkwe yuko Sengerema, anasema nimpeleke mtoto huko hadi nimalize. Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kukesha kwenye foleni ya kivuko. Mume wangu ananiachia niamue. Mliopita njia hii, mlifanyaje?

Binti Geita

Mpeleke, dada. Mimi ya uzamili niliandika mtoto akiwa kwa bibi yake, akarudi amenenepa na anajua kuchunga mbuzi. Bibi si mtu baki. Akiwa hapo utaandika nusu na kumsikiliza nusu, mwishowe yeye hajajibiwa na sura haijaandikwa.

Msimamizi Mstaafu

Mwanangu, pole na kazi. Nimesimamia wanafunzi wengi wenye watoto wadogo. Kabla hujaamua habari ya Sengerema, igawe hiyo sura ya nne, maana ndani yake kuna kazi tatu tofauti.

Kunakili rekodi kunataka utulivu na masikio mawili yaliyo huru. Saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi, na nyimbo zenye mafumbo ya Kisukuma zitakula zaidi ya hapo. Kuchambua kunataka akili ambayo bado haijachoka. Lakini kupanga marejeleo, kuweka namba za nyimbo kwenye viambatisho, kurekebisha majedwali, hayo yote yanawezekana mtoto akiwa pembeni anakusimulia habari za gogogo. Ninachokiona kwa wengi ni kwamba alfajiri, akili ikiwa safi, wanahangaika na marejeleo, halafu usiku wakiwa hoi ndipo wanajaribu kuchambua.

Amka saa kumi alfajiri, uchambue tu, hadi saa kumi na mbili nyumba inapoamka. Kabla ya kufunga andika sentensi moja: kesho naanzia hapa, nataka kusema hivi. Iwe mbaya, haidhuru. Hiyo ndiyo itakayokurudishia ile saa unayolilia.

Na usinakili kila kitu. Chagua nyimbo zinazojibu maswali yako ya utafiti, nyingine zitunze. Ongea na msimamizi wako mapema juu ya hilo.

Baba wa Pasiansi

Naomba niseme na shemeji kupitia kwako. "Amua wewe" haipunguzi mzigo wowote. Jumamosi anamchukua mtoto, vizuri, basi iwe hadi jioni. Na katikati ya wiki achague siku zake za kumwogesha, kula naye na kumlaza, wewe ukiwa na mlango umefungwa. Mke wangu alipokuwa anasomea uuguzi nilifanya hivyo, na ndipo binti yangu aliponizoea.

Wakichoka na mwaloni waende kisiwa cha Saanane. Boti ni dakika chache, na kwenye mawe kuna pimbi na ile mijusi yenye vichwa vyekundu. Mtoto huyo atapata maswali mapya.

Dagaa Kayenze

Tasnifu siijui, samaki nawajua. Mwambie mwanao hivi.

Furu mama huwabeba wanawe mdomoni. Mayai yanaanguliwa humo, na vifaranga wakitishwa wanarudi humohumo. Kamongo ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa, ndiyo maana akitolewa majini hafi upesi kama wengine. Maji yakikauka anaweza kujizika kwenye tope. Sangara anakula furu, dagaa, uduvi, hata sangara wadogo. Na si wa Ziwa Victoria kwa asili, aliletwa miaka ya 1950 na 1960. Wazee wetu walikula furu wa kila namna, na miaka ya 1980 wengi wakapotea.

Binti Geita, nakuheshimu, ila kwa bibi Sengerema samaki watakuwepo. Wa kumwandikia hatakuwepo. Mtoto huyu anataka samaki wake waandikwe na mama yake.

Mama wa Butimba

Dagaa Kayenze, nimemsomea jibu lako lote, akaniomba nirudie la furu hadi usingizi ukamchukua. Asante sana.

Sengerema ataenda likizo kama kawaida, kukaa hapana. Nimemnunulia daftari lake. Jioni samaki mmoja, yeye anasema, mimi naandika, kisha anachora na mimi napanga marejeleo. Alfajiri nimeanza. Na baba yake amesoma ujumbe wa Pasiansi mwenyewe, amechukua Jumanne na Alhamisi.

Msimamizi, nina swali moja: naruhusiwa kumpa mtu mwingine anakili sehemu ya nyimbo? Kuna Kisukuma cha zamani humo kinanipa shida.

Msimamizi Mstaafu

Unaruhusiwa, mradi waliorekodiwa waliridhia mtu mwingine asikilize. Tafuta anayekijua Kisukuma cha huko huko, mlipe, na umtaje kwenye sura ya mbinu za utafiti. Akikuletea nakala, keti usikilize upya kila wimbo utakaounukuu, ukilinganisha neno kwa neno. Hapo usimwachie mtu.