Naomba ushauri: Kilimanjaro kwa Marangu, siku 5 au 6?

Wakuu habari za mchana. Tuko watu nane, kikundi cha kanisani, Desemba tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu maana ndo njia pekee ya kulala kwenye vibanda badala ya mahema, na mama mdogo wangu ana miaka 56, mgongo wake hauwezi kabisa kulala chini. Sasa wenzangu wanataka siku 5 tuokoe hela, mimi nataka 6 ili tulale kambi ya Horombo mara mbili tukipanda mwili uzoee, kwa sababu pale ni mita 3,720 na Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, ni 4,720, yani mita elfu nzima kwa siku moja halafu usiku wa manane mnaamshwa kwenda kileleni.

Mwaka juzi nilienda ya siku 5, nikafika Kibo kichwa kinagonga, chai nikaitapika yote pale mlangoni, nikashushwa bila kuiona Gilman's, ile sehemu ya ukingo wa kreta kabla ya kilele. Sitaki kabisa mama yamkute yale.

Mliowahi kupanda, iyo siku ya ziada iliwasaidia kweli? Na kwa mtu wa presha anayetumia dawa, daktari aliwaambiaje? Naombeni msaada jamani, malipo ya awali ni wiki ijayo.