Mgeni aliyelipa kiingilio Bali afungiwe hotelini siku ya Nyepi?

Mtembezi
Waungwana, nawasalimu. Nilifika Bali, Indonesia, mwanzoni mwa Machi 2024, nikalipa rupia 150,000 ambazo kila mgeni kutoka nje ya nchi hutozwa tangu Februari 14 mwaka huo. Tarehe 11 ikawa Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa kisiwa kile, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kama hiyo kesho yake hapakuwa na ruhusa ya kutoka nje ya lango la hoteli wala kuonyesha taa. Uwanja wa ndege ulifungwa na intaneti ya simu ikazimwa. Usiku mwanga wangu ulipenya pembeni mwa pazia, na mlinzi wa kijiji, wale waitwao pecalang, akanimulikia tochi dirishani mpaka nilipozima. Je, ni haki kumtoza mtu fedha kisha kumnyima hata ufukwe? Sisi Zanzibar hatumfungii mgeni.

Bint Makunduchi
Ndugu Mtembezi, ya Bali nakuachia mwenyewe. Lililonichoma ni hilo la mwisho. Ramadhani ikiingia Unguja, migahawa mingi hufungwa mchana, na mgeni anayetafuna andazi barabarani hutazamwa na mtaa mzima mpaka limkwame kooni. Hatumfungii mlango, ni kweli, lakini tunamfungia mdomo, tena mwezi mzima. Wenzetu wanaomba siku moja tu.

Mtembezi
Dada yangu, anayekula nyuma ya pazia amekula. Mimi bahari niliisikia tu ikivuma ng'ambo ya ukuta.

Mzee wa Chumbageni
Mnagombania andazi na hesabu mmeiacha. Ikiwa hizo rupia 150,000 hulipwa kila siku, basi mgeni arudishiwe za siku aliyofungiwa, na mjadala uishe.

Aliyesoma Denpasar
Shikamoo mzee wangu. Hazilipwi kila siku bali mara moja kwa safari nzima, na kwa thamani ni kama dola kumi, ilhali Zanzibar tangu Oktoba 2024 inamtoza mgeni kutoka nje dola 44 za bima. Kinachonishangaza ni kwamba ndugu yetu hataji usiku wa kuamkia Nyepi, ambao ndio wenye tamasha lenyewe. Vijana wa kila mtaa hukaa wiki nyingi wakiunda ogoh-ogoh, majitu ya mianzi na karatasi yenye macho yaliyotumbuka na meno ya nje, kisha huyabeba mabegani, na wakifika njia panda huyazungusha ili mashetani wapotee njia. Mengi huchomwa moto usiku huohuo. Watu husema kwamba kesho yake mashetani wakipita juu ya kisiwa wakikuta giza na kimya, hudhani hakuna mtu wakaenda zao. Sasa taa ya ndugu Mtembezi ilikuwa ikiwaambia: tupo, karibuni.

Mtembezi
Nimeuliza swali la haki, nimegeuzwa mwita mashetani! Mimi si mfuasi wa dini ile, na shilingi zangu hazikuulizwa dini zilipopokewa.

Bint Makunduchi
Shilingi hazina dini, bwana, lakini kisiwa kinayo. Nami sisemi kwa kukisia, kwani nimezaliwa kwenye mwaka mpya wa namna hiyo. Katika Mwaka Kogwa, kila Julai, wanaume wetu huchapana mabua ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Tofauti ni kwamba kwetu nyumba iliyokosa mgeni siku ile huhesabiwa kuwa na mkosi, na kwao mkosi ni mgeni kuonekana barabarani. Wewe unataka Bali wakupokee Kimakunduchi.

Aliyesoma Denpasar
Hapo dada amenena. Tena ndani ya lango la hoteli wageni huogelea na kula kama kawaida, kwa hiyo neno "kufungiwa" limetiwa chumvi.

Mzee wa Chumbageni
Nimekubali kosa langu la hesabu. Lakini hiyo bima ya dola 44, dada, mgeni akichapwa bua la mgomba huko kwenu Makunduchi, inamlipia?