Naombeni ushauri: nimepewa mkataba wa kikapu miaka 4, nisaini au nisubiri?

mzee_wa_mitatu:
Wakuu habari zenu. Nina miaka 22, nacheza kikapu hapa Dar, msimu huu nimefunga vizuri tu sijisifii. Mpaka sasa nalipwa nauli, elfu 10 kwa mechi, na kiatu nimeshakipiga gundi mara tatu kidole gumba kinachungulia. Juzi baada ya mazoezi kiongozi wa timu moja (siitaji) kaniita pembeni, kaweka karatasi juu ya boneti ya gari kanipa na peni. Miaka 4, laki 3 na nusu kwa mwezi, mwaka wa kwanza mpaka wa nne hela ileile, na nikipata timu nje ya nchi hela yote ya kuniachia ya kwao. Anataka jibu Ijumaa. Maza anaumwa sukari na mdogo wangu yupo form three, so hiyo hela kwangu sio mchezo ila moyo unasita. Wajuvi nisaini?

bingwa_wa_benchi:
Saini mkuu. Njaa haina rebaundi.

kaka_upanga:
Kabla hujashika peni mfikirie Scottie Pippen wa NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Wote tunamjua kama mtu wa pili wa Jordan pale Chicago ila stori ya mshahara wake ndo hii yako. 1991 aliongeza mkataba, miaka 5 kwa dola milioni 18, wakati ule ilionekana hela ya maana kinoma, halafu ligi ikapanda bei yeye kabaki palepale. Msimu wa 1997/98 anachukua milioni 2.775 wakati Jordan anachukua 33 na ushee, yaani Pippen alikuwa wa 6 kwa mshahara ndani ya timu yake mwenyewe na wa 122 ligi nzima!! mtu ana pete tano za ubingwa tayari. Alinuna mpaka operesheni ya mguu akaisogeza hadi msimu unaanza. Kilichomponza ni ile miaka.

dada_wa_kati:
Unamlaumu bure. Pippen katoka Hamburg huko Arkansas, nyumbani watoto 12 yeye kitinda mimba, baba kapigwa stroku, kaka yake yupo kwenye kiti cha magurudumu. Mtu wa hivyo anawaza goti likivunjika kesho nani atawalisha. Na wala hakuishia pabaya, 1999 alipotoka Chicago alipewa mkataba wa milioni 67 akaenda Houston, mpaka anastaafu kalipwa mishahara mingi kuliko Jordan. Mleta uzi maza anaumwa jamani, mwelewe.

mpiga_pasi:
Naungana na dada. Mnamkumbuka Isaiah Thomas? Futi 5 inchi 9, 2011 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya alichaguliwa wa mwisho kabisa namba 60. Msimu wa 2016/17 yupo Boston anafunga 28.9 kwa mechi kwa mshahara wa milioni 6.6, na msimu huohuo kuna watu wa kawaida tu wanachukua 16. Mkataba unaisha 2018, dunia nzima inajua hela yake inakuja, nyonga ikagoma. Akauzwa, 2018 akaenda kusaini Denver kima cha chini. Hata Stephen Curry wa Golden State, enka zilimsumbua mapema ndo maana 2012 alikubali miaka 4 kwa milioni 44, akabeba MVP (mchezaji bora wa ligi) mbili kwa bei ya kutupa, 2017 ndo akasaini mkataba wa milioni 201.

kaka_upanga:
Ila huyo Curry 2009 alichaguliwa namba 7 wakati Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu, namba 2, nasema tu 😂

dada_wa_kati:
Usitutoe kwenye mada wewe.

mzee_katiba:
Hao wote ni NBA, wana chama cha wachezaji, wana mawakala, mshahara wa kila mtu unajulikana. Wewe una boneti. Fanya hivi kijana wangu, hiyo laki 3 na nusu ikubali maana unaihitaji, ila miaka iwe 2, hela ya kuachiwa mgawane, ukiumia kwenye mechi zao wakutibu na mshahara uendelee, na kopi ubaki nayo. Wakikaza kwenye mengine legeza, hicho cha kuumia usikiachie. Tafuta mtu wa sheria aisome, hata mkataba wa bodaboda watu wanakaa chini kwenye viti.

mzee_wa_mitatu:
Shikamoo mzee, na wote asanteni sana. Nimeomba nipige picha karatasi, kumbe kuna ukurasa wa pili sikuonyeshwa, nikikosa mazoezi mawili nusu mshahara unakatwa!! Nimemwambia miaka 2 na matibabu, kasema ngoja aongee na wenzake. Leo ndo Ijumaa saa 12 jioni kimya. Nimeenda mazoezini na kiatu hikihiki.

bingwa_wa_benchi:
Unavaa namba ngapi? Nina raba za 44 zimekaa tu.

mzee_wa_mitatu:
45. Lete hivyohivyo.