Napimaje utamaduni wa usalama wa chakula kiwandani? Naombeni ushauri

Mtu wa Ubora: Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kupima utamaduni wa usalama wa chakula kiwandani kwetu, yaani mazoea ya watu ya kulinda usalama wa chakula hata wasipoangaliwa. Nimegawa dodoso, karibu wote wamejibu "nakubali kabisa" kila swali. Juzi nikaingia zamu ya usiku bila taarifa. Sinki la kunawia halina sabuni, na ilikuwa saa nane usiku lakini fomu ya joto la chumba baridi imeshajazwa hadi saa kumi na mbili asubuhi! Niamini dodoso au macho yangu? Na nikiripoti, si nitawaponza vijana wa zamu ile?

Mkaguzi Mstaafu: Amini macho. Dodoso alikusanya nani? Kama ni msimamizi wao, ulitegemea wajibu nini? Rudia bila majina. Usiulize "je, unanawa mikono?" Uliza "mara ya mwisho uliona kosa ukanyamaza, kwa nini ulinyamaza?" Halafu kaa nao wakati wa kula, sikiliza tu.

Dada wa Laini: Mimi nafungasha, nakwambia ya ndani. Fomu tunajaza mapema kwa sababu mtu mmoja anahudumia mashine tatu. Ukisimamisha laini unaulizwa tani zimepungua ngapi, huulizwi umeona nini. Kabla hujaandika jina la mtu, hesabu kwanza usiku wako wangapi. Tafadhali sana.

Mkaguzi Mstaafu: Dada kasema kweli. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, iliingiza utamaduni huu kwenye kanuni zake za usafi wa chakula mwaka 2020, na kinachotangulia pale ni uongozi kujitolea kwa dhati. Umoja wa Ulaya nao uliuweka kwenye sheria mwaka 2021, ikataja na rasilimali za kutosha. Kwa hiyo sabuni ikikosekana, hilo ni la meneja. Ila usinyamaze. Marekani, kwenye kesi ya karanga zenye salmonela (bakteria wa kuharisha) za kampuni ya Peanut Corporation of America, mkuu wa kampuni alihukumiwa miaka 28 mwaka 2015, na meneja wa ubora naye miaka 5 kwa kuzuia uchunguzi.

Mtu wa Ubora: Asanteni sana. Nimehesabu: usiku wako wanne, mchana tisa, mashine zilezile. Ripoti yangu inaanzia hapo. Sabuni nimeipeleka mwenyewe leo.