Tairi la nyuma limechanika ubavuni na tyubu inachungulia. Linatibika?

Madumu_Mawili:
Wakuu, habari za leo. Nabeba maziwa kwa baiskeli, Phoenix ya 28, madumu mawili ya lita 20 yananing'inia kwenye keria, kutoka vijijini mpaka Tinde. Leo alfajiri nimeshuka pembeni ya lami kupisha lori, gurudumu la nyuma likakanyaga kipande cha bati. Tairi limechanika ubavuni, urefu kama wa kidole gumba, na tyubu ikapasuka hapo hapo. Pampu, msasa, solusheni na viraka ninavyo, kwa hiyo tyubu nimeiziba na imekaa vizuri. Tatizo ni kwamba kila nikijaza upepo inavimba na kutokeza kwenye ule mpasuko. Nimesukuma mpaka nyumbani.

Hela ya tairi jipya nitaipata tukilipwa maziwa. Kuna namna ya kulitibu hili likabeba mzigo kwa sasa? Na likinikuta tena katikati ya pori nifanyeje?

Fundi_Chini_ya_Mkwaju:
Pole sana kijana wangu. Mimi ni fundi wa baiskeli za mizigo huku huku Shinyanga: mkaa, mpunga, maziwa, abiria. Tairi lako huenda likapona, ila lazima ulitazame kwanza.

Livue lote, ligeuze ndani nje, ulitazame juani. Nguvu ya tairi iko kwenye nyuzi zilizofumwa ndani, siyo kwenye mpira mweusi. Mpasuko ukiishia kwenye mpira na nyuzi ni nzima, huna haja ya kuhangaika. Lako tyubu inatokeza, basi nyuzi zimekatika. Sasa fuata mpasuko kwa kidole kuelekea ukingoni, pale penye waya unaokaa ndani ya rimu. Waya mzima, tunaendelea. Waya ukiwa umekatika, litupe leo hii, usilipande hata bila mzigo, kwa sababu litachomoka kwenye rimu ukiwa mteremkoni.

Watu wengi wanakata kipande cha tyubu kuukuu na kukitandika ndani ya mpasuko. Nakuomba usifanye hivyo. Tyubu inavutika, upepo ukijaa nacho kitavutika na kutokea nje pamoja na tyubu yako. Unataka kitu kisichovutika, na kizuri kuliko vyote ni tairi lenyewe. Tafuta tairi lililokwisha kufa, kwa fundi yeyote yamelundikana. Kata kipande cha ubavuni, usichukue penye meno, pale panapokanyaga barabara, maana ni panene, na waya uache. Kipite mpasuko vidole vitatu kila upande.

Halafu kinyoe kingo zote nne. Hapa usiharakishe. Chovya wembe kwenye maji, kwa sababu mpira mkavu unaukamata wembe na ukilowa unateleza. Laza wembe, nyoa ukitoka katikati kwenda nje, mpaka ncha ya kidole ikipita pale isisikie ngazi. Kipande kisichonyolewa kinaisaga tyubu taratibu, nawe utafikiri umepata mwiba. Ukiona tyubu imetoboka kwa mstari ulionyooka jirani na kile kipande, ujue ni ukingo wake huo.

Kwa mzigo wa maziwa, kabla ya kubandika, shona. Sindano ya magunia na uzi wa nailoni wa nyavu. Toboa mbali kidogo na mpasuko, kama upana wa nusu kidole, ukitoboa karibu sana utararua nyuzi zilizobaki. Vuta mpaka midomo ya mpasuko igusane, isipandane. Fundo libaki nje, lisije likaichokoza tyubu. Wewe umechanika ubavuni, kwa hiyo uzi hautasagwa na barabara, hiyo ni bahati. Mshono wa kwenye meno haudumu.

Piga msasa ndani ya tairi juu ya mshono na kwenye kipande, paka solusheni nyembamba pande zote mbili, usubiri ikauke mpaka isinate kidoleni. Hapo ndipo ubandike na kukandamiza. Najua wapo wanaoiwasha kwa kiberiti ili ikauke upesi. Siwakubali hata kidogo. Juu inakauka, chini inabaki mbichi, na jua kali likipiga lami kipande kinaanza kutembea.

Porini huna tairi kuukuu wala sindano, basi beba kipande cha kiroba, ile mifuko ya kufumwa ya mbolea au unga. Kikunje mara nne, kitandike ndani ya mpasuko bila gundi, rudisha tyubu, upepo wenyewe utakibana. Kitakufikisha ukienda taratibu. Mimi kila mteja wangu wa mzigo namfungia kipande chini ya tandiko, bure, maana nimeona maziwa mengi mno yakimwagwa kando ya barabara kwa kukosa kipande cha mfuko.

Nyamizi_wa_Kahama:
Fundi kaeleza vizuri. Naongeza moja: kabla hujarudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, mzunguko mzima. Kando ya barabara yenye malori kumejaa vile vijiwaya vya matairi yaliyopasuka. Ni vyembamba, macho hayavioni, ila kitambaa kitanasa. Mbigili nazo hivyo hivyo, kichwa kinakatika nje na mwiba unabaki ndani ukisubiri tyubu mpya.

Na mimi ningelihamisha hilo tairi lililoshonwa, likae mbele, la mbele zima lije nyuma. Uzito wote uko nyuma.

Fundi_Chini_ya_Mkwaju:
Dada Nyamizi, la kitambaa naliunga mkono kabisa. La kuhamisha hapana. La nyuma likipasuka baiskeli inayumba, unapata nafasi ya kusimama. La mbele likipasuka mteremkoni usukani unakutoka mikononi, na madumu yanakuja mgongoni. Bora tairi bovu linichoshe nyuma kuliko liniangushe mbele. Apunguze mzigo, tairi libaki lilipo.

Nyamizi_wa_Kahama:
Hilo la kuanguka sikulifikiria upande wa mteremko, huku kwetu ni tambarare. Kwa mtu wa mzigo nakubali.

Wekesa_Busia:
Salamu kutoka Busia, upande wa Kenya. Ndugu wa maziwa, siku ukienda kununua tairi jipya usiseme tu "28". Kuna 28 za aina zaidi ya moja na hazibadilishani. Soma namba iliyochongwa ubavuni: za baiskeli kubwa kama yako ni 28 × 1½, na pembeni utaona 635. Nyingine nayo huitwa 28 lakini imeandikwa 622. Hiyo ni ndogo kwa milimita 13 kwenye kipenyo cha rimu, haiwezi kuingia hata ukiilazimisha kwa vijiko viwili vya kuvulia tairi.

Pia angalia madumu yako yanavyoning'inia. Dumu likigusa tairi, ubavu unasagika kidogo kidogo mpaka unakuwa laini, halafu kipande chochote cha bati kinamalizia.

Madumu_Mawili:
Asanteni sana wote, na fundi shikamoo. Nimeligeuza juani kama ulivyosema. Waya ni mzima, mpasuko umeishia kama upana wa kidole kabla ya kuufikia. Na Wekesa umeona mbali: dumu la kushoto limeacha alama ya kung'aa ubavuni mzunguko mzima, na ni upande huo huo uliochanika. Kipande nimekipata kwa jirani, nimeshona, nimenyoa, solusheni inakauka sasa. Kesho nijaze upepo kiasi gani? Nilifikiri niuache laini kidogo nisiliumize.

Fundi_Chini_ya_Mkwaju:
Marahaba. Usiache laini. Tairi laini chini ya mzigo linashuka mpaka tyubu inabanwa kati ya rimu na barabara, unapata matundu mawili yanayotazamana. Jaza kidogo kwanza tyubu ijitandaze, zungusha gurudumu ulitazame kama limekaa sawa kwenye rimu pande zote mbili, halafu jaza mpaka gumba likikandamiza libonyee kidogo tu. Angalia mshono. Ukiona umevimba kuliko ubavu mwingine, toa upepo, vua, ongeza kipande cha pili juu ya cha kwanza, kikubwa zaidi, nacho kinyolewe.

Madumu yajaze nusu nusu, lita 10 kila upande, uende safari mbili. Weka ubao kati ya keria na dumu la kushoto, lisiguse tena tairi. Ukifika Tinde, kabla hujapakua, shika ubavu kwa kiganja. Ukiwa wa moto pale penye kipande tu, na kwingine umepoa, kipande kinacheza ndani. Rudi mtupu ukisukuma, ukibandike upya.