Ushauri: kupanga mzunguko wa madaktari tarajali 24 bila wodi kubaki na wageni watupu

Igombe_T
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wanaojua kupanga ratiba za watarajali (madaktari waliomaliza chuo, wako kwenye mwaka wa mafunzo kazini). Hospitali ni ya rufaa, mkoani Tabora. Watarajali ni 24, mwaka mmoja, idara kubwa nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Mtindo uliopo ni watu 6 kila idara, miezi mitatu mitatu, wote wanahama Jumatatu moja. Rosta ya koli (zamu ya saa 24, mchana na usiku wake) kila idara inajitengenezea yake.

Yanayotokea: siku ya kuhama hakuna anayemjua mgonjwa yeyote. Ruhusa zinaombwa mwishoni mwa mwaka, zinagongana. Wanaotoka koli wanabaki wodini hadi saa 9:30 alasiri. Na usiku muuguzi anampigia mtu ambaye alishabadilishana zamu juzi.

Nataka kundi linalokuja lianze na ratiba inayosomeka. Nianzie wapi?

DaktariMwandamizi
Mkuu, anza na hesabu, majina yaje mwisho. Anayeanza na majina huishia kupanga kwa kujuana.

Kwanza kitabu cha mtarajali, kile ambacho bingwa anamsainia kazi alizofanya. Hakikisha muda wa kila idara unatosheleza kinachodaiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, maana ratiba nzuri isiyotimiza hilo itamchelewesha mtu usajili. Kisha acha kuhesabu kwa miezi, hesabu kwa wiki. Mwaka una wiki 52, idara 4, kila idara wiki 13. Wengi hupanga bloku nne za wiki 12 halafu wanaziweka wiki 4 zilizobaki mwisho wa mwaka "kwa ajili ya ruhusa na kufidia". Hapo ndipo wodi zote nne zinabaki tupu kwa mpigo. Zigawe: ndani ya kila bloku ya wiki 13, mtu anakaa wodini wiki 12 na wiki 1 anakuwa nje, iwe ruhusa, idara ya dharura au afya ya akili. Watu 6 wakipeana wiki tofauti, idara haikosi zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Usimpe mtu wiki ya nje katika wiki zake mbili za mwanzo wala ya mwisho.

Mzunguko wenyewe:

Kundi A: Ndani, Upasuaji, Watoto, Uzazi
Kundi B: Upasuaji, Watoto, Uzazi, Ndani
Kundi C: Watoto, Uzazi, Ndani, Upasuaji
Kundi D: Uzazi, Ndani, Upasuaji, Watoto

Sasa dawa ya ule ugeni wa Jumatatu. Kila kundi ligawe nusu, A1 watu 3 na A2 watu 3. A1 wanakwenda kama ilivyo hapo juu. A2 wanaanza Ndani kwa wiki 6 tu, kisha Upasuaji 13, Watoto 13, Uzazi 13, wanarudi Ndani kumalizia 7. Jumla 52. B2, C2 na D2 vivyo hivyo. Nusu ya kwanza inahama mwisho wa wiki ya 13, 26 na 39. Nusu ya pili mwisho wa wiki ya 6, 19, 32 na 45. Kila uhamisho unakuta wodini watu 3 ambao wameshakaa wiki 6 au 7 na wanajua jalada la nani liko wapi.

Wiki ya 1 ya mwaka wote ni wageni na hakuna mpangilio utakaolifuta hilo. Wiki hiyo daktari mwenye leseni kamili alale hospitalini, asisubiri kupigiwa nyumbani.

Na usihamishe Jumatatu. Jumatatu wodi imebeba waliolazwa Jumamosi na Jumapili. Hamisha Jumatano, na koli ya usiku wa kuamkia Jumatano ifanywe na mmoja wa wanaobaki.

Igombe_T
Asante sana Daktari. Hiyo ya nusu kundi sikuwahi kuiona. Koli je? Kwa watu 6, kila mtu baada ya siku 6, saa 24, inatosha?

takwimu_afya
Nikupigie hesabu, mkuu. Siku ya kawaida saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, yaani saa 8. Koli inaanza saa 1:30 asubuhi, inaisha siku ya pili muda huohuo, na saa moja ya makabidhiano juu yake.

Watu 6 kwa wiki 6 ni usiku 42, kila mtu koli 7. Kwa kuwa 6 na 7 havigawanyiki kwa pamoja, kila mmoja anaangukiwa na kila siku ya wiki mara moja: Jumamosi moja, Jumapili moja, hakuna wa kulalamika. Saa zake: siku za kazi 30 mara 8 ni 240. Koli tano za siku za kazi zinaongeza saa 16 kila moja, 80. Mbili za wikiendi 48. Toa siku 5 za kazi anazopumzika baada ya koli, 40. Ongeza makabidhiano 7. Jumla 335, gawa kwa 6, karibu saa 56 kwa wiki.

Akiwa mmoja nje mkabaki 5, inapanda hadi 59. Mkibaki 4 inakaribia 64. Ndiyo maana mtu mmoja kuugua kunaonekana kama msiba.

Angalia mtego huu: ukipewa watu 7, usizungushe moja baada ya moja. Siku saba, watu saba, atakayeanza Jumamosi atakula Jumamosi bloku nzima. Kila wiki sogeza orodha nafasi moja.

Kwenye Excel weka tarehe chini, majina juu, herufi K kwa koli, P kwa pumziko, N kwa nje. Mwisho wa kila mstari andika =COUNTIF(B5:G5,"K"). Jibu lazima liwe 1. Likiwa 0 hakuna mtu usiku huo, likiwa 2 umemwandika mtu bure. Chini ya kila jina, kwa wiki 6, =COUNTIF(B5:B46,"K") itoe 7. Mambo haya ukiyakagua kwa macho utapitwa.

Tumia herufi, usitumie rangi peke yake. Printa ya ofisini inatoa nyeusi na nyeupe. Kijani na nyekundu vyote vinageuka kijivu na ratiba haisomeki tena.

Kasulu_Leba
Naomba nitofautiane kidogo na wakuu hapo juu. Koli ya saa 24 inaweza kuvumilika kwenye idara ambayo usiku kuna saa mbili tatu za kulala. Leba (wodi ya kujifungulia) haina saa hizo. Mtu aliyeingia saa 1:30 asubuhi, saa 10 alfajiri anaitwa kusaidia upasuaji wa kumtoa mtoto, hayupo salama wala mgonjwa hayupo salama. Boston mwaka 2004 walilinganisha watarajali wa wodi ya wagonjwa mahututi: waliokuwa kwenye zamu ndefu za zaidi ya saa 24 walifanya makosa makubwa zaidi kwa asilimia 36 kuliko waliopunguziwa. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku. Hata kama mkataba wa mtarajali una masharti yake, hicho ni kipimo kizuri cha kujipima nacho.

Kwa uzazi weka zamu za usiku za saa 12, saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Usimpe mtu mmoja usiku saba mfululizo, hizo ni saa 84. Kata mara mbili: mmoja Jumatatu hadi Alhamisi (saa 48), mwingine Ijumaa hadi Jumapili (saa 36). Wa Ijumaa apumzike Alhamisi, asije mchana. Aliyemaliza Alhamisi hadi kuamkia Ijumaa asionekane tena hadi Jumatatu. Katika wiki 6 kila mtu anapata wiki moja ya usiku nne na wiki moja ya usiku tatu, basi.

Gharama yake ni mchana. Wawili wako usiku, mmoja yuko nje, wanabaki 3: mmoja leba, mmoja chumba cha upasuaji, mmoja wodini. Kliniki ianze saa 4 asubuhi baada ya raundi, aende wa wodini. Mkuu wa idara lazima akubali hilo kwa maandishi kabla, la sivyo wiki ya pili atamwita wa usiku aje kliniki na mpango wote utakuwa umekufa.

DaktariMwandamizi
Nakubaliana na Kasulu_Leba kwa uzazi. Ningeongeza watoto wakati wa masika. Tabora mvua ni Novemba hadi Aprili, na malaria inapopanda wodi ya watoto inafurika. Usivunje makundi kwa ajili hiyo. Weka mtarajali wa pili wa jioni hadi saa 6 usiku kwa miezi hiyo, halafu aende nyumbani.

Kwa idara zitakazobaki na koli ya saa 24: anayetoka koli aondoke saa 2:30 asubuhi, na hilo liandikwe kwenye ratiba kama P, si kwa hisani ya bingwa wa siku hiyo. Akibaki hadi saa 9:30 alasiri amekaa saa 32. Raundi ianze na wagonjwa wake wapya ili awaeleze na kuondoka. Raundi ikianza na vitanda vya mwanzo kwa mpangilio, yeye ndiye wa mwisho na hatoki.

Wiki ambazo mko 5, omba daktari wa kawaida wa idara achukue koli ya Jumamosi. Hiyo moja inashusha wastani kutoka 59 hadi 54.

muuguzi_zamu
Madaktari, shikamoni. Mimi nasema upande wa anayepiga simu.

Saa 8 usiku mtoto anadegedege, sina muda wa kutafuta picha ya rosta kwenye kundi la WhatsApp, maana ziko nne na zote zinafanana. Naomba karatasi moja, A4, mezani kwa wauguzi, wiki moja tu kwa karatasi. Kwa kila siku majina matatu: mtarajali, daktari wa pili, bingwa. Namba za simu pembeni ya jina, si kwenye karatasi nyingine. Juu kabisa: idara, tarehe ya kuanza na kuisha, na namba ya toleo. Toleo jipya likibandikwa, la zamani linachanwa palepale na aliyelileta.

Pia iandikwe asipopokea mtarajali tufanye nini. Kwa mfano: piga mara mbili, dakika 5 zikipita mpigie wa pili, bila kuulizwa kesho kwa nini ulimruka. Wauguzi wapya wanaogopa kumwamsha bingwa, na mgonjwa anaumia katikati ya hofu hiyo.

Kubadilishana zamu hatukatai. Ila iwe imesainiwa na wote wawili na mwenye ratiba, angalau saa 48 kabla, na kalamu iguse karatasi ya mezani. Makubaliano ya mdomoni kwetu hayapo.

Igombe_T
Dada asante, hiyo ya kuchana toleo la zamani naichukua kama ilivyo. Maswali mawili ya mwisho. Akitokea mjamzito katikati ya mwaka? Na A2 wanaofanya idara ya kwanza vipande viwili, kitabu chao kinasainiwaje?

Kasulu_Leba
Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 (100 wakizaliwa zaidi ya mmoja). Siku 84 ni wiki 12, karibu bloku nzima. Usijaribu kuzichomeka kwenye wiki za nje. Mtoe kwenye bloku hiyo, iandike kwamba ataifanya baada ya wenzake kumaliza, na rosta ya idara ile ipangwe upya kwa watu 5 tangu siku ya kwanza. Usiache jina lake likae pale wenzake wakijaza kwa huruma. Zamu za usiku zisimamishwe miezi miwili kabla ya tarehe ya makadirio, na miezi miwili baada ya kujifungua pia haruhusiwi kupangiwa usiku. Usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na umweleze mapema, kwa faragha, ajue atamaliza lini.

DaktariMwandamizi
Kitabu cha A2: wasisubiri wiki ya 52. Mwisho wa wiki ya 6 wakae na bingwa, wahesabu taratibu zilizofanyika, asaini kipande hicho na tarehe. Miezi tisa baadaye bingwa yule anaweza kuwa amehamishiwa mkoa mwingine, na hakuna atakayekubali kusaini kazi asiyoiona. Wiki 7 za mwisho watatumia kumalizia yaliyopungua, na hiyo ni nafuu kwao, wenzao wa A1 hawapati nafasi ya kurudi.

Makabidhiano nayo yapewe nafasi kwenye ratiba, usiyaache yajitokeze yenyewe. Dakika 30 za kupishana: wa mchana afike saa 1:30, wa usiku aondoke saa 2:00. Kwa kila mgonjwa mzito: hali yake, muhtasari, kinachosubiriwa, kikitokea hiki fanya hivi, halafu anayepokea arudie kwa mdomo wake. Mpangilio huo ulipimwa kwenye hospitali 9 za Marekani na Kanada, matokeo yakachapishwa 2014, makosa ya kitabibu yakapungua kwa asilimia 23. Hauhitaji mashine, ni karatasi na kalamu.

takwimu_afya
Mkuu, ukimaliza rasimu ya wiki 52 itume hapa bila majina, weka A1 hadi D2 tu. Nitaipitisha kwenye fomula na kukurudishia tarehe zenye 0 au 2 kabla hujaipeleka kwa mganga mfawidhi.